Paji la Uso Lisilo na Rangi

Jumatano, tarehe kumi na tisa mwezi wa Bhadra, majira ya mvua nchini Nepal. Mvua ilikatika alfajiri, na jua la Kathmandu likatoka kali ghafla, hata mawe ya soko la Asan yakawa yanafuka mvuke. Katika msongamano ule, kati ya mafungu ya figili na wauza maua, Dilmaya Gharti alinasa suruali yake ya mazoezi kwenye msumari wa mkokoteni. Ikachanika kutoka gotini hadi pajani.

"Simama hapo hapo, dada!" sauti ilimwita kutoka kizingitini mwa duka dogo. Kijana mwembamba, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, futi ya kupimia shingoni, alikuwa nyuma ya cherehani. "Ukipiga hatua moja zaidi, soko zima litakushangilia."

"Nimezoea kushangiliwa. Mimi ni kipa wa timu ya taifa."

"Kipa, na msumari umekushinda kudaka?"

Dilmaya hakutaka kucheka, lakini alicheka. Alijifunga shuka aliyopewa, akakaa juu ya marobota ya kitambaa akitazama vidole vile virefu vikiipitisha suruali chini ya sindano. Kijana aliitwa Suvash Pariyar, fundi, mtoto wa mafundi.

"Nipe namba yako," alisema Dilmaya, "mshono usije ukafumuka."

"Mishono yangu haifumuki."

"Basi nitapiga bila sababu."

"Hiyo ndiyo sababu nzuri," alijibu Suvash, na masikio yake yakawa mekundu.

Tangu siku hiyo simu ililia kila jioni baada ya mazoezi.

"Umekula, kipa wangu?"

"Nimekula wali na dengu."

"Umenikumbuka?"

"Nilikukumbuka wakati wa kona, nikafungwa goli la kijinga."

"Basi usinikumbuke tena, mpenzi. Utatuharibia nchi."

Kocha alihitaji mtu wa kushona namba kwenye jezi za mechi za kufuzu Kombe la Asia la wanawake, na Dilmaya alijua wa kumtaja. Ndivyo Suvash alivyoanza kuingia kambini na furushi lake, na wasichana wakaanza kumtania Dilmaya: "Fundi wako leo hajaja kukupima?"

Ikafika sikukuu ya Tihar, siku ya ndugu, wiki moja kabla ya mechi ya mwisho. Siku hiyo dada humpaka kaka yake rangi saba kwenye paji la uso na kumwombea maisha marefu. Asiye na kaka humpaka mwanamume mwingine, na kuanzia hapo huyo ni kaka yake mpaka kufa. Pabitra, nahodha, hakutaka wenzake wakae kinyonge mbali na makwao. Aliwapanga wanaume wa kambi mkekani: kocha, daktari, mpishi, dereva wa basi. Suvash alikuwa ameleta jezi tu, lakini Pabitra alimvuta mkono akaketi mwisho wa mstari. Kukataa baraka mbele za watu ni utovu wa adabu.

Sahani ya rangi alikabidhiwa Dilmaya, kwa kuwa hakuzaliwa na kaka. Alimpaka kocha. Alimpaka daktari, mpishi, dereva. Alipofika kwa Suvash, kijana alikuwa amefumba macho na kuinua uso. Kidole cha Dilmaya kilisimama hewani. Huyu nimfanye kaka? Aliiweka sahani chini, akatoka nje haraka.

Alidhani jioni wangecheka pamoja kwenye simu. Simu haikupokelewa. Siku ya tatu Pabitra alimketisha kitandani.

"Unajua jikoni wanasemaje? Kwamba binti wa Gharti aliona kinyaa kumgusa Pariyar."

Katika rangi zote zile Dilmaya hakuwaza habari ya ukoo hata mara moja. Vijijini akina Pariyar, wanaohesabiwa ukoo wa chini, hushona nguo za arusi za kila mtu, kisha watu hujitenga nao wasiwaguse. Alikuwa amelisahau hilo. Asiyewahi kufungiwa mlango husahau upesi.

Alipiga kwa simu ya Pabitra.

"Suvash, usikate!"

"Ulimpaka hata dereva, Dilmaya. Dereva anayekufokea kila siku!"

"Nisikilize kwanza..."

"Nilifumba macho nikingoja kidole chako. Nilipofumbua niliona mgongo wako, na mpishi ananitazama. Nimetazamwa hivyo tangu utotoni. Sikutegemea kwako."

"Njoo uwanjani Jumamosi. Nitakueleza mbele ya watu wote."

"Cheza mpira wako." Akakata.

Jumamosi uwanja ulijaa pomoni. Sare ilitosha kuipeleka Nepal kwenye fainali za Asia. Mpaka dakika ya themanini na tisa mabao yalikuwa moja kwa moja, kisha refa akawapa wageni wa Jordan penalti. Dilmaya aligusa nguzo ya goli. "Mungu wangu," alinong'ona, "kocha anasema tuombe kimoja kimoja. Mimi naomba viwili. Wewe si bahili."

Mpira ukaja kushoto. Alijirusha mzima mzima, ncha za vidole zikaugusa, ukapita nje ya nguzo. Filimbi ya mwisho ilipolia alikuwa bado amepiga magoti kwenye matope, akilia kama aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani.

Mama yake alikuwa amesafiri kutoka kijijini kwao Rolpa kumwona akicheza kwa mara ya kwanza. Aliingia uwanjani na blauzi yake ya mahameli nyekundu, akimfuta bintiye matope kwa ncha ya shali. Nyuma yake, karibu na uzio, alisimama Suvash.

"Wewe!" Dilmaya alimwita kwa sauti, hata kocha akageuka. "Wote niliowapaka rangi ni kaka zangu. Wewe sikukupaka kwa sababu dada haolewi na kaka yake!"

Wasichana walipiga vigelegele. Suvash alijishika kichwa. "Mungu nisamehe, nimekaa wiki nzima nikishona huku nalia," alisema, akicheka na machozi yakimtoka. Kisha akamgeukia mama, akainamisha kichwa. "Mama, nampenda binti yako. Lakini kijijini kwenu watu wangu hukaa nje, chakula huletewa uani. Sitaki ndoa yetu imtenge na jiko la mama yake."

Mama alimtazama kijana, akamtazama bintiye.

"Majirani watasema," alinong'ona.

"Watasema, mama," alijibu Dilmaya.

Mama alishusha pumzi ndefu, kisha akapaza sauti ili timu nzima isikie. "Haya, muwe mashahidi wangu ninyi nyote. Mwezi ujao wa Mangsir, mwezi wa arusi, kijana huyu atakuja Rolpa. Ataingia jikoni kwangu, ataketi karibu na moto, na nitampakulia kwa mkono wangu mwenyewe. Naahidi."