Velkro Iliyojaa Nyasi

Kila jioni, kabla Mama hajapakua ugali na maharage, Carmel alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeigusa. Alimvika mdogo wake Gisubizo viatu vya kulalia.

Havikuwa viatu vya kutembelea. Vilikuwa viwili, vyeupe, vimefungwa kwenye ubao mmoja ili nyayo zitazame nje. Gisubizo alizaliwa na mguu wa kulia uliopinda kwa ndani. Kwenye kituo cha afya waliunyoosha polepole kwa plasta ngumu ya kuzungushia mguu, wiki baada ya wiki, mpaka ukakaa sawa. Kisha mtaalamu wa viungo, mzee mchangamfu ambaye watu wote wa huku kwetu Ngungu humwita Papa Kine, akawapa viatu hivyo pamoja na onyo. Mtoto avivae kila anapolala mpaka afikishe miaka minne, la sivyo mguu utapinda tena.

Viatu vilifungwa kwa kanda za velkro. Bila shaka umewahi kuiona, kwenye begi la shule au kwenye kofia. Upande mmoja una vijindoano vidogo vigumu, upande wa pili una manyoya laini, na ukivibandika vinashikana. Ukivivuta vinalia krrr, na unaweza kuvifunga tena na tena. Gisubizo alicheka kila aliposikia mlio huo. Carmel, mwenye miaka kumi na mmoja, alijiona daktari kamili, maana Papa Kine mwenyewe ndiye aliyemfundisha na kusifu vidole vyake vyepesi.

Jumamosi moja Gisubizo alimwaga uji juu ya viatu. Papa Kine alikuwa amesema vipanguswe tu kwa kitambaa chenye maji. Lakini Carmel alikuwa anakwenda mtoni na nguo za nyumba nzima, akaona kupangusa ni kazi ya wavivu. Akavisugua kwa sabuni mpaka vikang'aa. Kisha akafanya kama kila mtu afanyavyo kwenye vilima vyetu. Akatandaza nguo na blanketi juu ya nyasi, na viatu papo hapo, kanda zote wazi ili zikauke vizuri. Upepo ulikuwa mwingi siku hiyo. Carmel akaenda kuruka kamba na wenzake.

Jioni kanda hazikulia. Vijindoano vilikuwa vimejaa nyasi kavu, mbegu na nyuzi za blanketi. Alizibandika, akazikandamiza kwa kiganja, zikashika kidogo tu. Gisubizo akapiga teke moja, mguu ukatoka.

"Carmel, umemaliza kumuvalisha?" Mama aliita kutoka jikoni.

"Ndiyo, Mama."

Jibu lilimtoka kabla hajafikiri. Baadaye alitaka kulirudisha, lakini aliogopa. Viatu vile havikuuzwa sokoni, na yeye alikuwa ameviharibu kwa ujuaji wake. Akavifunga kwa kipande cha kitenge na kujiambia kwamba kesho atasema.

Asubuhi kitenge kilikuwa chini na miguu ya Gisubizo ilikuwa nje. Carmel, aliyelala naye kitanda kimoja, aliamka kwanza, akamrudishia viatu haraka, na Mama alipoingia akamkuta mtoto amevaa vizuri. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Siku tisa zilipita, na kila siku ilikuwa na kesho yake.

Siku ya kumi, akimwogesha mdogo wake, Carmel aliusukuma mguu wa kulia kwa nje kama alivyofundishwa. Mguu ulikataa. Akajaribu tena, polepole, Gisubizo akalia. Randevu, yaani siku ya kurudi kituo cha afya, ilikuwa baada ya mwezi mzima, na kama angeendelea kunyamaza hakuna ambaye angejua. Alimfuta mtoto maji, akambeba mgongoni, akapanda mlima mpaka shambani, ambako Mama alikuwa anapalilia maharage.

"Mama, niko na kitu ya kukuambia."

Alisema yote, kuanzia mtoni mpaka kitenge. Mama aliweka jembe chini.

"Siku ngapi?"

"Tisa."

Mama aliketi juu ya udongo. Akaushika mguu wa Gisubizo, akaugeuza huku na huku. Hakupiga kelele, na Carmel angependa apige, kwa sababu machozi ya Mama yalimuumiza zaidi.

"Tulitembea na mutoto na plasta miezi mbili," Mama alisema. "Na mvua. Wewe pia ulikuwa unatembea na sisi. Kwa nini haukuniambia?"

"Niliogopa, Mama. Minaomba musamaha."

"Inuka. Tunaenda sasa hivi."

Walipita nyumbani kuchukua viatu, wakatembea saa mbili mpaka kituo cha afya katika tope zito, wakipishana na pikipiki zilizokuwa zinasukumwa na wenyewe. Papa Kine aliubonyeza mguu, akaupima kwa macho.

"Imeanza kurudi," alisema. "Lakini kidogo. Kama mungengoja mwezi, tungeanza tena na plasta."

Kisha akachukua vile viatu, akafungua kanda, akacheka kidogo puani. Alitoa sindano na kitana kidogo, akaanza kuchokoa kati ya vijindoano. Nyasi, mbegu na nyuzi zikarundikana mezani. Baada ya robo saa akabandika kanda na kuivuta. Krrr! Gisubizo akacheka. Carmel ndipo alipolia, kwa kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Velkro haikufa," Papa Kine alimwambia. "Ilijaa tu. Siku ingine ukiisafisha, ifunge kwanza, na usiianike wazi kwenye majani. Sasa mutoto atavaa hii viatu muchana na usiku, wiki mbili. Mutaifungua wakati wa kumuogesha tu."

Wiki hizo mbili Mama mwenyewe ndiye aliyemvika Gisubizo. Carmel alishika tu mikono ya mtoto na kutazama. Hakuna aliyemgombeza, lakini kila jioni aliumia kwamba kazi ile haikuwa yake tena.

Waliporudi kituoni, Papa Kine alisukuma mguu kwa nje. Ukaenda wote, bila kilio.

"Iko sawa!" alisema, na Mama akashusha pumzi ndefu.

Mama alichukua viatu, akavitazama, kisha akamnyooshea Carmel. "Muvalishe."

Carmel alipiga magoti. Alifunga kanda moja moja, akazijaribu zote kwa kuzivuta. Kwenye ile ya katikati akasita.

"Mama, hii ya katikati haishike sana. Kuko uzi ndani."

Papa Kine alimsogezea sindano. Carmel alichokoa uzi mmoja mwekundu, akafunga tena, ikashika barabara.

"Munaona?" Papa Kine alisema. "Majani haikuumiza huyu mutoto. Majani niliitoa na sindano, robo saa tu. Siku tisa ya kunyamaza njo ilimuumiza. Kukosea, sisi wote tunakosea, hata mimi na hii nywele nyeupe. Lakini ukiharibu kitu, sema siku ile ile, wakati ingali kidogo. Leo umesema kabla hata haijaharibika."

Mama alimfunga Gisubizo mgongoni. Walipofika mlangoni alimpa Carmel mfuko wa viatu.

"Beba wewe," alisema. "Kuanzia leo ni kazi yako tena."