Sari Nyekundu ya Mama

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akafua soksi, akaanua nguo kambani, kisha akakaa na bibi yake kuchambua mchele. Jina hilo alipewa na mama yake, maana mtoto huyo alikuwa haishiwi maneno. Lakini mama alikuwa amefariki mwaka mmoja na mwezi sasa. Jina lilibaki, maneno yakaisha.

Jumatatu moja, Bibi alikuwa na lake la kusema. Nyumba ambayo baba na mama walianza kuijenga ilikuwa imekamilika, na Jumapili familia ingefanya ibada ya kuingia, kama ilivyo ada ya Wahindu. Kuhani angewasha moto mtakatifu sebuleni, na mama mwenye nyumba angevuka kizingiti kwa mguu wa kulia, amebeba mtungi wa maji.

"Mtungi utaubeba wewe," Bibi alisema. "Mama yako hayupo."

"Basi nitavaa gauni langu jeusi la maua."

"Jeusi? Hebu nitolee balaa! Mwenyeji wa shughuli ya heri havai nyeusi. Wala nyeupe kama hii yangu ya ujane. Ni nyekundu, manjano au kijani, mjukuu wangu."

Bibi alifungua sanduku, akatoa sari nyekundu yenye pindo la dhahabu. Chiriku aliijua. Mama aliinunua siku msingi ulipochimbwa, akaapa kwamba hatatoka nayo mpaka siku ya kuingia kwao. Ila alikuwa hawezi kungoja. Kila baada ya siku chache alijitanda mbele ya kioo, akacheka peke yake, kisha akairudisha sandukuni.

"Ni ndefu mno kwako," Bibi alisema. "Mpelekee fundi aikate, akushonee sketi na blauzi. Na hii kanzu ya manjano ya baba yako aipunguze mikono."

Chiriku alitaka kusema hapana. Badala yake akachukua furushi na mkoba wake wa shule, akaondoka.

Alipofika kwenye kona, alisimama akainusa ile sari. Ilikuwa bado inanukia mafuta ya nywele ya mama. Aliangalia huku na huku, akaisukuma ndani ya mkoba wake wa shule.

Fundi cherehani alikuwa mama mwembamba, mwenye mazoea ya kuzungumza na pini mdomoni. "Hujambo, Chiriku wangu! Bibi kakutuma nini leo?"

"Kanzu ya baba tu."

Jioni hiyo sari ililala chini ya godoro lake.

Alhamisi, Bibi alikwenda naye kuchukua nguo. Fundi alimkabidhi kanzu.

"Na ile sari ya marehemu mama yake?" Bibi aliuliza.

"Sari gani, mama?"

Bibi akageuka. "Chiriku, ulimpa?"

"Nilimpa."

Lo! Neno lilikuwa limeshatoka. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walitazamana. "Ikiwa hata sari ya marehemu inapotea, vitambaa vyetu je?" mmoja alinong'ona, na wote wawili wakachukua vitambaa vyao, wakaenda zao.

Fundi hakubisha. Ingekuwa heri angebisha. Alipiga magoti, akamwaga kapu lake sakafuni, akaanza kufungua vifurushi kimoja kimoja. "Labda niliichanganya," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nazeeka jamani, nasahau. Ee Mungu wangu, sari ya yule mama! Hata blauzi aliyoagwa nayo niliishona mimi."

Chiriku alishindwa kuvumilia. "Bibi, nimesema uongo! Hakuipoteza. Nimeificha chini ya godoro. Inanukia mama. Mkiikata, mama atakuwa amekwisha kabisa!" Akaangua kilio.

Bibi aliketi kwenye kigoda, akajifuta macho kwa pindo la sari yake nyeupe.

Fundi aliinuka kutoka sakafuni. "Nani kasema lazima mkasi? Sari inakunjwa katikati, inapigwa marinda, inabanwa na mshipi kiunoni. Upande wa begani tunautia pini tatu usije ukafika kwenye moto. Basi! Ungeniambia Jumatatu, tungemaliza kabla sijabadilisha uzi."

"Lakini hatujamaliza," Bibi alisema. "Chiriku, umemvika mwenzako aibu isiyo yake. Utamvua wewe, kwa mdomo huohuo. Twende."

Walikwenda kwa wale wateja wawili. Wa kwanza alimsikiliza Chiriku, akarudisha kitambaa chake kwa fundi saa ileile. Wa pili alisema, "Nitaona," akafunga mlango. Hilo lilimuuma Chiriku kuliko kofi.

Jumapili alivuka kizingiti kwa mguu wa kulia, mtungi mikononi, sari nzima mwilini. Baba alipomwona mlangoni, aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Fundi alikuwa amekaa mbele kabisa, na kando yake yule mteja wa pili, kitambaa chake kikiwa mapajani. Alikuwa amekuja nacho kumrudishia fundi.

Ibada ilipokwisha, Chiriku aliinusa sari. Ilinukia moshi na ubani. Aliinusa tena na tena.

"Bibi, harufu ya mama imekwenda."

Bibi alimvuta kifuani. "Ingekwenda hata chini ya godoro. Sikiliza, mjukuu wangu. Kumlilia mama si kosa. Kosa ni kuficha kinachokuumiza, halafu mwenzako asiye na hatia akalia kwa ajili yako. Njia ya mwongo ni fupi, lakini humkanyaga mtu. Ukiumia, sema."

Chiriku aliinua uso.

"Bibi, unajua mama alivyokuwa akicheka mbele ya kioo?"

"Sijui. Niambie."

Na Chiriku akaanza kusema.