Jina Lililoitwa Mara Tatu

Marehemu alikuwa na jina zuri, lakini mimi silitaji, na atakayenikera kwa kuniuliza nitamwachia chai yangu na kwenda zangu. Kwetu jangwani mtu akifa, jina lake huzikwa naye. Ukimwita, hapumziki. Wazungu wa mjini tukiwaambia hivyo hutikisa kichwa kwa adabu, kisha huendelea na kazi zao.

Lorelle ni mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na mitano, akisoma shule ya bweni huko Adelaide, kusini mwa Australia, mbali kweli na kwetu. Kitanda cha pembeni yake kilikuwa cha dada yake, aliyezaliwa na mama yake mkubwa. Huyo ni dada, nani atakuambia vingine? Shule iliwaambia vingine. Likizo ya Julai walikuja nyumbani wote wawili, Lorelle akarudi peke yake kwa kuwa mwenzake alikuwa mgonjwa wa moyo, na Agosti moyo ukasimama. Lorelle alipoomba ruhusa aje kuzika, ofisi ilitazama fomu yake ikasema binamu si familia ya karibu. Akarudi darasani. Hakulia. Alikuwa na ganzi, kama fizi iliyodungwa sindano kwa daktari wa meno: unaigusa, unajua ni yako, lakini husikii kitu.

Jumatatu moja ya Septemba ilianza kama Jumatatu zote. Mkate wa kuchoma, maziwa baridi, wasichana wakigombania jemu. Matroni mpya, Bi Prentice, alisimama mlangoni na tableti yake akaanza kuita majina. Akafika kwa marehemu. Akaita.

Wasichana wakaacha kugombania jemu.

Akaita tena. Ronella, msichana wa visiwa vya kaskazini aliyekaa karibu na Lorelle, aliacha kutafuna. Mara ya tatu Bi Prentice alipaza sauti, kama anamwita mtoto aliyejificha nyuma ya nyumba. Halafu akaandika kwamba hayupo, akaendelea.

Lorelle alimfuata mpaka jikoni. "Samahani, Bi. Lile jina usiliite tena. Amefariki."

"Jamani, pole sana mwanangu. Lakini si mimi, ni mfumo. Ofisi wakilifuta litatoka. Mpaka hapo, sheria ni kuita mara tatu."

"Basi lisome kimoyomoyo tu."

"Nitawaandikia leo hii hii."

Aliwaandikia kweli. Ofisi haikujibu. Jumanne mara tatu. Jumatano mara tatu.

"Kwetu ukiita hivyo, anakuja," Ronella alinong'ona. "Kwenu je?"

"Hata kwetu."

Alhamisi jina lilipoitwa mara ya kwanza, Lorelle alisema, "Nipo."

Alitaka tu kuzikata zile mara mbili zilizobaki. Ndivyo alivyojiambia. Lakini ukweli usemwe: upweke ulikuwa umemla yule mtoto, na kusikia jina lile likiitikiwa kulimpa ahueni ambayo hakuwa ameionja tangu Agosti. Bi Prentice aliweka alama bila kuinua macho.

"We una wazimu?" Ronella alimfinya chini ya meza. "Unamwazima mdomo wako?"

"Nataka huyu mama anyamaze tu."

Ijumaa Lorelle alivuta pumzi aitikie. Akawahiwa.

"Nipo."

Sauti ilitoka pale pale mezani kwao. Nzito, na kikohozi kidogo mwishoni, kama cha marehemu. Ronella aliinamia sahani yake, na siku ile hakula.

Kitanda cha pembeni kikaanza kukutwa kimetandikwa. Shuka zilikuwa na joto asubuhi. Lorelle aliweka kiganja pale akakiacha muda mrefu. Hakuogopa. Hilo ndilo lililopaswa kumtisha.

Wiki iliyofuata liliitwa jina lake mwenyewe. Akaitikia. Bi Prentice akarudia. Akaitikia tena.

"Lorelle? Jamani, Lorelle yuko wapi?"

Alikuwa mbele yake, hatua tano, kijiko mkononi. Akaandikwa kwamba hayupo.

Jumapili mama yangu, Bibi Maisie, alimpigia simu. Hakuuliza habari za masomo.

"Tumefukiza nyumba mara tatu," alisema. "Tunamsubiri atulie kwenye ardhi yake, haji. Kuna mtu anamshika. Ni wewe?"

Lorelle alitazama kitanda cha pembeni.

"Mjukuu wangu, mwache aende. Usipomwacha, mmoja wenu hatarudi huku."

"Sawa, Bibi."

Jumatatu aliingia chumba cha kulia akiwa amebana midomo. Kumbe ofisi ilikuwa imejibu. Jina la marehemu lilikuwa limefutwa, na Bi Prentice alimtabasamia kama aliyemletea zawadi. Kisha akaita, "Lorelle."

"Nipo," akasema Lorelle. Sauti ilikuwa nzito, na kikohozi kidogo mwishoni.

Matroni akaweka alama. Ronella alichukua sahani yake akahamia meza nyingine, na hakumsemesha tena mpaka shule ilipofungwa.

Desemba tulikwenda kumpokea kwa Toyota. Njia nzima alitazama nje. Tulipofika alishuka, akavua viatu vya shule, akatembea peku kumwendea Bibi aliyekaa mbele ya nyumba. Sura ilikuwa yake. Nywele zilikuwa zake. Bibi hakumtazama usoni. Alitazama mchanga nyuma yake, nami nikatazama.

Kwetu nyayo tunazijua kama sura. Mtoto wa miaka minne atakuambia nani kapita na kapita lini. Mguu wa kushoto ulipinda ndani, na kidole cha mwisho hakikugusa chini. Nyayo zile nilizijua tangu zilipokuwa ndogo kama kiganja. Mwenyewe tulimzika Agosti.

Wanawake waliinuka mmoja mmoja wakaenda makwao.

Bibi aliuliza kwa kunong'ona, "Na mwenzio umemwacha wapi?"

Msichana alifikiri kidogo. Hakuonyesha huzuni wala hofu.

"Amebaki shuleni," akasema, akaingia ndani kutafuta chakula.

Tulipiga simu shuleni. Walituambia Lorelle alishaondoka, wana saini yake. Imepita miaka minne. Huyu aliye kwetu anakula, analala, anafua nguo, na kila asubuhi nyayo zake ni zile zile. Bibi Maisie hutoka nje kila jioni, hugeukia kusini, humwita Lorelle kwa sauti. Aliyemo ndani hainui hata kichwa.