Kisahani cha Chumbani kwa Bibi

"Sindano, ingia. Na usitie chumvi kwenye maneno."

Sauti ya Ofisi ya ujasusi ikakatika sikioni. Sindano akabonyeza kengele ya geti, ovaroli ya bluu mwilini, boksi la vifaa begani. Chini kabisa ya boksi, bastola ya Glock. Katikati, drili ya Bosch. Juu, visahani vinne vyeupe vya waifai.

Silaha yenyewe ilikuwa visahani.

Kila kimoja kilikuwa na sikio ndani yake. Ukikifunga ukutani, unasikia mtu wa chumba cha pili akimeza mate. Na humo ndani ya jumba, mahali fulani, alikuwa amefungiwa Babu Redio, mzee aliyemfundisha Sindano tangu akiwa msichana mdogo kushika drili, kushika bastola na kushika ulimi. Alikamatwa akifuatilia bunduki za magendo za mwenye nyumba. Ofisi ilikataa kuvunja geti kwa kubahatisha.

"Tuhakikishie yumo," walisema, "tutakuja kumchukua."

Basi mwenye nyumba alipotafuta fundi wa kumbadilishia mtandao, Ofisi ikampelekea fundi.

Bosi alimpokea sebuleni, simu kila mkono. Akakichukua kisahani, akakigeuza juu chini.

"Hiki nacho nini?"

"Kifaa cha waifai, bosi. Kimoja kila upande wa nyumba. Kuta zako ni zege tupu, rauta moja haifiki."

"Mbona hakina pembe?"

"Antena ziko ndani."

"Ndani!" Bosi akawageukia walinzi wake wawili. "Mnamsikia? Pembe ziko ndani. Ng'ombe gani huyo?"

Walinzi wakacheka. Na hiyo pia ilikuwa kazi yao.

Bosi akavuta boksi kutoka nyuma ya kochi. Akatoa rauta nyeusi, pembe nane, taa nyekundu kila kona, dude zima kama buibui aliyelala chali.

"Hii ndiyo mashine. Ninazo tatu. Utazipanga zote hapa sebuleni, mgeni akiingia azione."

"Zikikaa pamoja zitagombana, bosi. Vyumba vya nyuma vitabaki vile vile."

"Fundi, nyumba yangu au yako?"

"Yako, bosi."

Jamani! Ofisi nzima ilikesha ikichonga visahani vile, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama mwenye nyumba atavipenda. Mpango ukafa pale pale kwa sababu ya pembe.

Sindano akapiga magoti karibu na soketi, mgongo kwa walinzi. "Ofisi. Kavikataa."

"Toka."

"Nikitoka, Mzee amekwisha."

"Toka, Sindano."

Akaanza kufunga boksi. Ndipo mama yake bosi akatokea ukumbini, amejifunga kanga, simu kaiinua juu ya kichwa.

"Nani anagawa mtandao huku? Mjukuu wangu anaganda kila nikimpigia!"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo chumbani kwangu. Nyumba hii imejengwa bondeni, bila waifai simu ni tochi tu."

"Mama, utawekewa hii," Bosi akasema, akiinua buibui wake.

"Hilo lidude na mapembe yake? Linitolee macho usiku kucha? Thubutu! Mimi nataka hiki cheupe."

Bosi akarudisha buibui wake kwenye boksi. Kwa mama yake hata yeye alikuwa mtoto.

Kisahani kimoja. Sikio moja.

Chumba cha bibi kilikuwa mwisho wa ukumbi. Mlinzi mmoja akasimama mlangoni. Sindano akapapasa ukuta wa nyuma.

"Huku nyuma kuna nini, bibi?"

"Stoo. Kuna panya." Bibi akakunja mguu kitandani, hakumtazama. "Panya wa siku hizi wanakohoa kama watu."

Sindano akawasha drili. Akagusa ukuta. Akaachia. Akagusa tena, akaachia. Mara ya tatu akazamisha. Ndivyo alivyofundishwa: unauonja ukuta kwanza, usije ukatoboa bomba. Hakuna fundi mwingine aliyeanza kazi hivyo isipokuwa yeye na aliyemfundisha.

Akapachika kisahani. Akakaza skrubu. Sikio likafunguka.

Pumzi. Nyembamba, yenye filimbi. Pumu ya Babu Redio, na hakuna aliyempa dawa yake ya kuvuta.

Kisha sauti yake.

"We kijana. Mwite bosi wako. Nimechoka, nasema."

"Leo ndiyo unasema?" Sauti ya mlinzi wa stoo, na kicheko.

"Nasema. Najua bunduki ziko ghala la saruji, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Malori yanaondoka jioni hii hii. Ndiyo yote niliyonayo. Umeridhika?"

Hakuwa anamwambia mlinzi. Alikuwa anauambia ukuta.

Sindano akaelewa. Ofisi ilikuwa na kikosi kimoja tu. Mzee aliijua Ofisi kuliko Ofisi inavyojijua. Alijua wakisikia habari ya ghala hawatakuja kwake. Alichagua yeye mwenyewe, ili wao wasipate shida ya kuchagua.

"Tumesikia," Ofisi ikasema. "Kikosi kinakwenda ghalani."

"Na Mzee?" akanong'ona.

Akawasha drili tena ili bibi na mlinzi wa mlangoni wasimsikie.

"Ofisi, anakata pumzi. Nipeni ruhusa niingie."

"Ukifyatua risasi moja, bosi anapiga simu, malori yanaondoka. Mfungie mawasiliano. Hilo tu."

Alitamani kuitupa redio ya sikioni. Alitamani kuua mtu. Akatoka chumbani, akarudi sebuleni, akachomoa rauta ya zamani.

Nyumba nzima ikawa kiziwi, isipokuwa kisahani, chenye redio na betri yake.

"Wewe! Mtandao uko wapi?"

"Nahamishia kwenye mashine zako, bosi. Zinahitaji muda kujiwasha."

"Muda gani?"

"Zina pembe nyingi. Kila pembe inajipima peke yake."

Bosi akatikisa kichwa, karidhika kabisa. "Unaona? Kitu cha maana hakina papara."

Sindano akaanza kuzipanga rauta mezani. Kulia akamsikia Bosi akijisifia pembe. Kushoto, sikioni, alimsikia Babu Redio akivuta hewa. Akavuta tena. Akanong'ona, "Kaza skrubu, binti yangu." Akavuta tena, kidogo.

"Hii pembe ielekee wapi?" Bosi akauliza.

"Juu, bosi."

Akasubiri pumzi inayofuata. Akafuta vumbi kwenye rauta ya kwanza, akaunganisha ya pili, akaendelea kusubiri. Haikuja.

"Ghala limekamatwa," Ofisi ikasema baadaye. "Bunduki zote, madereva wote. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumpata bosi wao. Hongera. Sasa kikosi kinageukia kwako, tunakuja kumtoa Mzee."

Sindano akabonyeza swichi. Taa nyekundu zikawaka sebule nzima, na Bosi akapiga makofi.

"Subiri taa zitulie, bosi. Ndipo simu zitaingia."

"Fundi, umejua kazi!"

Akabeba boksi, akapita uani, akamuaga mlinzi wa geti. Mtaani akatembea mwendo wake wa kawaida, mkono mfukoni.

"Sindano, tuko njiani, tunakimbiza. Hali yake?"

"Njooni na machela," akasema. "Msikimbize gari."