Siku Mkanda Ulipowahi

Siku hiyo mkanda wa tatu uliwahi, na hapo ndipo Mama Mashine alipojua kuna jambo.

Maana mumewe hakuwa mtu wa kuwahi. Watu walimwita Upesi kwa kejeli tu, kama kipara anavyoitwa Nywele. Sinema mbili za mji ule zilichangia nakala moja ya filamu, nayo imegawanywa mikanda minne. Ile ya juu ilianza saa nane mchana, hii ya chini saa tisa, na kila mkanda ulipomalizika kule, Upesi aliutia kwenye kopo lake, akaufunga kwenye pikipiki na kuuleta huku mbio. Mbio za kusema tu. Mara tairi, mara mvua, mara kakutana na rafiki wa utotoni ambaye mkewe hajapata hata kumsikia. Huku nyuma pazia linabaki jeupe, watazamaji wanapiga miluzi, na Mama Mashine, juu kule katika chumba cha mashine alichorithi kwa baba yake, anaona haya kana kwamba tairi kalitoboa yeye.

Mwenye sinema alikwisha sema: picha ikikatika tena, chumba kile anakifanya ghala.

Sasa mkanda wa tatu ulikuwa mapajani mwake na wa pili haujafika hata nusu. Akainua simu kumshukuru Miwani, fundi wa sinema ya juu.

"Leo mmemaliza mapema, mzee wangu."

"Kumaliza nini?" Miwani alishangaa. "Wa tatu huu hapa unazunguka. Bado robo saa nzima."

Akausogeza mkono wa simu kwenye mashine yake, na Mama Mashine akamsikia yule mama wa kwenye filamu akimlilia mwanawe, kilio kilichomo katika mkanda wa tatu.

Aliikata simu taratibu. Mkanda mapajani ulikuwa na joto. Tena mwisho wake ulikuwa nje, kama unavyokuwa mkanda uliotoka kuonyeshwa, na Miwani hajawahi kumpelekea mtu mkanda bila kuurudisha mwanzo. Ulinuka nguo zilizokaukia ndani bila kuona jua.

Wiki nzima mikanda iliwahi. Mwenye sinema akaanza kumwita Upesi "bwana mkubwa", na Upesi mwenyewe akaacha kumtazama mkewe machoni. Katikati ya wiki ile ikapotea glavu ya kushoto ya Mama Mashine, ile nyeupe ya kushikia mikanda, aliyoitia kiraka kidole gumba kwa uzi wa buluu. Aliitafuta mpaka chini ya mashine. Hakuiona.

Siku ya nane asubuhi, kabla watu hawajaingia, alikuwa akikagua mkanda wa kwanza, uliokuwa umelala pale tangu jana, vidole vyake vikakuta kipande kilichoungwa ambacho hakukiunga yeye. Akauweka kwenye mashine, akawasha taa.

Pazia lilionyesha ukumbi mwingine. Watu walikaa safu kwa safu, wametulia, hakuna aliyepepesa jicho. Nyuma yao ukutani palikuwa na kidirisha kama chake, hakina mtu, na kwenye ukingo wa kidirisha imewekwa glavu nyeupe yenye uzi wa buluu. Kisha ikatoka sauti ya mumewe, ile ya chini anayoombea radhi.

"Mimi mpelekaji tu, mashine siijui. Mke wangu anaijua. Mchukueni yeye."

Akataja jina la mkewe, na jina la mama mkwe wake. Wale waliokaa wakageuza shingo zote kwa pamoja, wakatazama kule alikosimama Mama Mashine.

Alizima taa akakaa sakafuni. Hakulia. Wale waliokaa, majini bila shaka, hawakumwahidi kitu maishani, hana haki ya kuwadai. Kilichomkata maini ni ile sauti, sauti aliyolala nayo kitanda kimoja miaka kumi na tisa, ikimtoa bila hata kusitasita.

Alimkuta nyumbani akila.

"Ni akina nani wale?"

"Wapi?"

"Njiani kwako."

Upesi akaweka kijiko chini. "Kuna uchochoro nyuma ya kile kiwanda kilichofungwa," alinong'ona. "Ukiingia huku unatokea sinema, na saa imerudi nyuma. Walisema nitawahi siku zote. Wao wataiangalia mikanda kwanza, basi."

"Na mtu wa kuwaonyeshea?"

Upesi akakiokota kijiko tena.

"Ungewapa jina lako."

"Mke wangu, mimi mashine siijui."

"Ungejifunza."

Wakaenda wote wawili na kopo kwa jirani yao mshonaji, bibi wa makamo ambaye watu walimpelekea nguo mchana hadharani na mambo mengine kwa mlango wa nyuma. Alilinusa kopo la mkanda, akalisukuma mbali kwa ncha ya mkasi.

"Wamepewa jina lako na kitu chako," alisema. "Jina bila kitu ni upepo. Kesho glavu irudi mkononi mwako kabla mkanda wa mwisho haujaisha, na aliyeitoa ndiye akaichukue."

"Isiporudi?"

Bibi akamtazama Upesi, kisha akamsogelea Mama Mashine sikioni. "Isiporudi, watajie jina jingine, na la mama yake. Litakaa mahali pa lako. Ila mwanangu, neno hilo likishatoka halirudi."

"Nitaifuata," alisema Upesi, machozi yakimlenga. "Naapa nitawahi."

Neno hilo mkewe alilisikia tangu uchumba.

Kesho yake Upesi alileta mikanda yote kwa barabara ndefu, na yote ilichelewa, na watu wakapiga miluzi mpaka basi. Alipokabidhi wa nne alisema, "Dakika ishirini. Naingia, natoka." Mama Mashine akaisikia pikipiki ikipotea, akaufunga mkanda kwenye mashine.

Dakika za kwanza zilipita salama. Ilipofika ya ishirini, ile harufu ya nguo zisizoona jua ikapanda ngazi, na chini ukumbini kicheko kikakatika katikati, na kukohoa kukakoma, na maganda ya karanga yakaacha kuvunjwa, mpaka ikabaki mashine peke yake ikikereza, naye akachungulia kidirishani akaona viti vyote vimejaa, hata vile vibovu vilivyofungwa kamba, na nyuso zote zimegeukia kwake, zimeipa picha kisogo, zikimngoja kwa adabu kama wageni wanaomngoja mwenyeji aanze kula.

Mkono wake wa kushoto ukaingia baridi. Vidole vikaanza kujikunjua vyenyewe, kimoja kimoja, kama vinavyovalishwa kitu.

Dakika ya thelathini na tano. Hakuna pikipiki. Akakumbuka siku ya harusi, alivyomsubirisha mpaka wageni wakaanza kuaga, na siku ya kuzaliwa mtoto wao, alivyofika mtoto kashapewa jina, na maziko ya baba yake, alivyofika udongo ukiwa umekauka, na kila mara alikuja na kisa kizuri, na kila mara yeye alikiamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi kuliko kulala peke yake, na sasa mlangoni mwa chumba cha mashine mtu akamwita polepole kwa jina lake na la mama yake, mara ya kwanza, mara ya pili, na mkanda uliobaki ulikuwa mwembamba kuliko kidole, na mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha shika komeo la mlango.

Hawezi kuwahi, alijiambia. Hajawahi kuwahi.

Akalitaja jina la mumewe lote, na la mama yake.

Mkanda ukaisha, ncha yake ikapigapiga hewani. Chini mtu akakohoa, viti vikalia, watu wakainuka wakibishana juu ya mwisho wa picha. Mkono ukarudi na joto lake.

Ndipo aliposikia pikipiki. Nyayo zikapanda ngazi mbili mbili, kama siku zote Upesi anapochelewa.

"Mke wangu, ninayo, nime—"

Akafungua mlango. Ngazi zilikuwa tupu. Kwenye kidato cha juu cha ngazi palikuwa na kopo, na ndani ya kopo glavu nyeupe yenye uzi wa buluu, imelowa jasho la kiganja kilichoibana njia nzima.

Siku hizi mwenye sinema hana malalamiko. Mkanda haujachelewa hata dakika. Pikipiki hulia chini, kopo huwa kwenye kidato cha juu, mkanda una joto na mwisho wake uko nje, na Mama Mashine huketi akaurudisha mwanzo kwa mikono miwili yenye glavu. Siku nyingine husimama nyuma ya mlango mapema, ili amwambie kwamba alidhani haji. Lakini Upesi sasa hangojeshi mtu, na mlango ukifunguka huwa ameshaondoka.