Ukoo wa Waliomfukia Honor Nance

Merle Pascoe alipita kufunga madirisha tu. Jua la Juni lilikuwa linazama nyuma ya migodi ya shaba iliyoachwa ya Wirrabeen, na baridi ya Australia Kusini ilikuwa imeanza kuuma. Lakini kompyuta ya chama cha historia ilikuwa bado inawaka, na alikuwa amebakisha ukurasa mmoja. Akaketi, akasogeza hita miguuni.

Kwa miaka sita mjane huyu alikuwa akijitolea kunakili rejista za kale za mazishi na kuziweka kwenye tovuti, ili watu wa mbali wawapate mababu zao.

Una Trembath, katibu wa chama, alikuwa mlangoni akifunga vifungo vya koti.

"Mstari wa tisa uruke," alisema.

"Tunaandika tunachokiona, Una."

"Huoni kitu pale. Mchungaji aliumwagia wino."

"Nikiongeza mwanga unasomeka. Honor Nance, 1888."

Uso wa Una ukapauka. "Usilitamke jina hilo. Bibi yangu alisema likiandikwa tena, yule mwanamke atajua pa kuanzia. Wewe umeolewa tu hapa, Merle. Usituletee balaa."

"Miaka arobaini, na bado mimi mgeni?"

"Hata tukikuzika hapa."

Mlango ukabamizwa.

Merle akarudi kwenye mstari wa tisa kwa hasira. Akaandika jina lile kwa kumkomoa Una, herufi moja moja. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na maandishi madogo: *Mchawi. Amefukiwa nje ya uzio, kifudifudi, kinywa kikiwa kimejazwa chokaa.* Chini yake, majina ya wanaume sita waliomfukia. Wa sita aliitwa Digory Pascoe, babu mzaa baba wa marehemu mumewe.

Akahifadhi.

Ndipo ikaja harufu. Udongo mbichi... chokaa... mshumaa wa mafuta ya kondoo.

Ngo. Ngo. Ngo.

Si mlangoni. Chini ya sakafu.

Hita ikazimika. Ngo zikasikika tena, safari hii mlangoni, na kabla hajajibu, bibi kizee aliyejitanda shali iliyolowa alikuwa ndani. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu.

"Hapa ndipo mtu anapotafutiwa watu wake?" Sauti yake ilikuwa ndogo, kavu.

"Tumefunga, bibi. Rudi kesho."

"Ni wachache tu, mpenzi. Nimetoka mbali."

Wazee wapweke wa namna ile walikuwa wakifika chamani kila mara, na Merle hakuwahi kumfukuza hata mmoja. Akageukia kompyuta. Bibi akasimama nyuma yake.

"James Trembath."

"Huyu ana uzao mkubwa. Katibu wetu, Una, ni kitukuu chake."

"Anakaa wapi?"

"Nyumba ya mawe, nyuma ya kanisa."

Tovuti huwaficha walio hai. Merle hakuhitaji tovuti. Mji mdogo ule aliujua nyumba kwa nyumba. Jina la pili akalieleza. La tatu. La nne. Alipotajiwa la tano, vidole vikamganda.

Ilikuwa ni orodha ya ukurasa ule. Kwa mpangilio uleule.

Akageuka polepole. Pumzi yake mwenyewe ilikuwa ikitoka kama moshi kwa baridi. Ya yule bibi haikutoka kabisa. Pembe za mdomo wake zilikuwa nyeupe, zimekauka, zimepasuka.

"Na wa sita?"

Merle akamfikiria Tamsin, bintiye wa pekee, kule Adelaide na watoto wake.

"Digory Pascoe... hakuzaa. Ukoo uliishia kwake."

"Andika."

Akaandika: *Alikufa bila mtoto.*

Bibi akainama sikioni pake. "Hata mimi mliniandika mchawi," akanong'ona. "Mkono wenu mwepesi kuandika uongo."

Merle akafumba macho. Alipoyafumbua, alikuwa peke yake. Hakuusikia mlango ukifunguka.

Asubuhi Una alikutwa amekufa kitandani, kifudifudi. Daktari alisema ni moyo. Kuhusu unga mweupe uliomjaa kinywani hakusema lolote, na hakuna aliyemuuliza. Wiki mbili baadaye wakafuata wawili, kila mmoja wa ukoo tofauti, wote wazao wa wanaume wale waliomfukia.

Merle hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Alijaribu kulifuta jina la Honor Nance. Likafutika, na kila alipofungua upya lilikuwepo. Akabaki na mstari mmoja wa kuulinda. *Alikufa bila mtoto.* Aliuangalia asubuhi na jioni.

Ijumaa moja saa kumi jioni akaufungua, akaukuta umebadilika.

Mwenzake wa kujitolea, mtu wa Perth ambaye hakuwahi kuonana naye, alikuwa amemwachia ujumbe: "Habari Merle! Nimekurekebishia kosa dogo. Digory alikuwa na mtoto wa kiume, nimeweka cheti chake. Nimepata pia tangazo la msiba la mumeo, lenye jina la Tamsin. Sasa ukoo umekamilika. Kazi nzuri sana!"

Akampigia Tamsin papo hapo.

"Mama! Afadhali umepiga," Tamsin alipokea akicheka. "Huyu mgeni wako mbona hukuniarifu?"

"Mgeni gani?"

"Bibi mmoja. Yuko sebuleni na watoto. Anasema wewe ndiye uliyemsaidia kutafuta watu wake."

"Tamsin, wachukue watoto mtoke. Sasa hivi!"

"Mama, unanitisha. Ni kizee tu." Kisha Tamsin akashusha sauti, kama mtu anayefunika simu kwa kiganja. "Ila kuna jambo. Ameniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia wawili. Akanitazama tumboni, akasema hapana, ni watatu..."

Merle alikuwa tayari anatafuta funguo za gari.

"Mama, nani amemwambia? Hata mume wangu hajui bado."