Kanga Chini ya Mota

Mtu yeyote aliyekuwa na redio mbovu pale Chang'ombe, Dodoma, katika miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, alimjua fundi Ludovick. Kibanda chake kilitazamana na barabara ya vumbi, ubavuni kwa Shaaban fundi cherehani. Yaliyompata hayakutokea usiku wala porini. Yalitokea mchana kweupe, jua likiwaka, upepo wa kiangazi ukipeperusha mifuko ya plastiki, na Shaaban akishona sketi za shule huku akiimba vibaya.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mbwana, mfanyabiashara aliyeuza kila kitu kuanzia mitumba hadi mvinyo wa Makutupora, alisimamisha pikapu mbele ya kibanda na kushusha mashine nzito ya chuma. Ilikuwa na sahani pana ya kuzunguka, mkono wenye sindano, na mota kubwa chini yake. Ni mashine ya kuchonga santuri. Shirika moja la umma lilikuwa limefungwa, mali zake zikapigwa mnada, na Mbwana akaipata.

"Santuri, tajiri?" Ludovick alicheka. "Watu wako kwenye kanda siku hizi."

"Kanda kila mtu anayo. Mimi nataka bwana na bibi harusi waimbe, waseme viapo vyao, sauti zichongwe kwenye sahani, watundike sebuleni. Hapa mjini pana wabunge, fundi. Watagombania." Mbwana aliipiga mashine kofi la upole kama anayempiga ng'ombe. "Tatizo lake moja tu. Mota inakoroma kama mlevi, na huo mkoromo wote unaingia kwenye santuri. Inyamazishe."

"Itanyamaza."

"Maana wanasema enzi za marehemu Paskali ilikuwa kama haipo. Hata unyayo wa sisimizi ungeusikia. Tangu afe hakuna aliyeigusa, chumba kilifungwa hadi siku ya mnada. Jamaa alikuwa na mikono, bwana!"

Ludovick alitabasamu kwa meno tu.

Paskali. Alikuwa fundi mkuu wa mashine ile, na Ludovick alikuwa msaidizi wake, mshika bisibisi. Paskali alipofariki, akazikwa kwao Haneti, Ludovick alisubiri eda ya heshima ipite, kisha akamposa mjane wake, Edina. Alidhani amemaliza. Kumbe alikuwa ameoa na jina la mtu. Chumvi ikizidi kwenye mboga, Edina angesema Paskali alipenda chumvi. Mvua ikichelewa, Paskali alikuwa anajua dalili zake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyotaja mto wa kijijini kwao. Lakini kila lilipotajwa, jina lile lilimkaa Ludovick kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo hakuanza kazi ile kwa ajili ya Mbwana. Aliianza kwa ajili ya kumshinda maiti.

Aliilaza mashine ubavu, akafungua skrubu za mota, akaiinua. Mahali palipotakiwa kuwa na vikalio vya mpira vya kumeza mtetemo, palikuwa na kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, kigumu kwa vumbi. Alikikunjua. Kilikuwa kipande kimoja cha kanga, chekundu, chenye maua meusi ya korosho. Pindo lake lilishonwa kwa mkono, kwa uzi wa kijani.

Akakitambua.

Kipande cha pili kilikuwa nyumbani, chini kabisa ya sanduku la Edina, chenye pindo lile lile la uzi wa kijani. Hakuwahi kukivaa. Hakuwahi kukifanya mbeleko, wala kumpa mtu. Ludovick alipouliza kwa nini doti ina kipande kimoja, mkewe alijibu tu, "Kingine kilikwenda." Sasa alijua kilikokwenda. Akilini alimwona Edina akimpelekea Paskali chakula kazini, akivua kanga begani, wote wawili wakicheka, wakiikunja chini ya mota ili mashine yao ilale.

Pembeni palikuwa na jiko la mkaa la kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya. Akakitupia humo.

Hakikushika moto upesi. Kilitoa moshi mzito kwanza, kama kitambaa kilicholowa, na harufu haikuwa ya nguo. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimo refu, katikati ya kiangazi.

Alifanya kazi hadi siku ya pili. Alikata vikalio vipya kutoka kwenye tairi la lori. Alisafisha beringi kwa mafuta ya taa, akazipaka grisi. Alibadilisha mkanda, akanyoosha mhimili. Kila alipomaliza jambo moja aliweka bilauri ya maji juu ya mota, akawasha, akatazama. Mwanzoni maji yalitetemeka. Kisha yakachezacheza ukingoni. Mwishowe yakatulia kabisa, laini kama kioo, na mota ikizunguka chini yake.

"Paskali alikuwa nani?" aliiambia bilauri.

Akaweka sahani nyeusi isiyo na kitu. Kipaza sauti alikichomoa, maana alitaka kuchonga ukimya mtupu. Sindano ikashuka, ikaanza kula. Unyuzi mweusi ukawa unachomoka kwenye sahani na kujiviringa mezani, mrefu, mwembamba, kama nywele zinazotoka kwenye kitana. Alipomaliza, aliirudisha sindano mwanzo wa sahani na kusikiliza.

Ukimya. Mota haikusikika hata chembe.

Kisha, chini ya ukimya, mtu alikuwa anaguna wimbo.

Ni mwanamume. Aliguna polepole, mdomo ukiwa umefungwa, kama mtu aliyeshika kazi mikononi. Ludovick aliujua wimbo. Edina aliuguna kila alipochekecha unga wa uwele, na miaka yote hiyo yeye alidhani ni wa mkewe.

Mtu mwingine angekimbia. Ludovick aliona wivu.

"Hata humu?" alinong'ona. "Hata humu umo?"

Njia ya kumfukia ilikuwa rahisi: legeza skrubu, mota ikorome, sauti imezwe. Aliijua. Lakini mashine ikikoroma, Mbwana angesema mikono ya Paskali haina mfano. Basi alikaza. Akaongeza mpira, akaongeza grisi, akachonga sahani nyingine. Kadiri mota ilivyonyamaza, ndivyo mgunaji alivyosogea. Kwenye sahani ya tatu pumzi zake zilisikika. Mwisho wa wimbo alinyamaza, akameza mate, akaita kwa sauti ya mtu aliyefika mlangoni:

"Edina."

Mchana Edina alimletea ugali na mlenda. Aliweka sufuria, akafuta jasho. "Umekonda siku mbili tu, Ludo. Hiyo mashine inakutafuna?"

"Kipande cha kanga yako nyekundu kilikwenda wapi?"

Edina alimtazama. "Leo umeamkia nini?"

"Nijibu."

"Nilimzika nacho." Alishusha sauti, maana cherehani ya Shaaban ilikuwa imetulia. "Mama mkwe ndiye aliyemfunga kiunoni. Kwa ukoo wao ndivyo wanavyofanya. Kimoja anaondoka nacho marehemu, kimoja anabaki nacho mjane, asikivae, asikigawe. Hapo marehemu anajua amegawiwa chake, harudi kudai."

"Muongo. Kilikuwa hapa, chini ya mota. Nimekichoma."

Edina hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo, taratibu.

"Nilikiona kikiingia kaburini," alisema. "Nilikiona kikifukiwa, Ludo."

Hapo ndipo Ludovick alipofanya kosa lake. Angeweza kumshika mkono, wakaondoka. Lakini wivu ulitaka kuona uso wa mkewe atakapoisikia sauti ile. Akashusha mkono wa mashine kwenye sahani ya tatu.

Wimbo ukaanza. Uso wa Edina haukujaa hofu. Ulilainika. Mabega yakashuka, midomo ikafunguka kidogo, na akawa kama msichana ambaye Ludovick hakuwahi kupewa.

"Edina."

Wote wawili walilelewa wakijua: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Mtoto mdogo wa Dodoma anajua.

"Abee," aliitika Edina.

Miaka yote ya ndoa, Ludovick akimwita, aliitikiwa "Unasemaje?" au "Nakuja." Abee hakuwahi kuisikia.

Umeme ukakatika. Zamu ya mgao. Redio ya Shaaban ilizima katikati ya neno. Feni ikasita, ikasimama. Taa ndogo ya amplifaya ikafa.

Sahani iliendelea kuzunguka.

Ilizunguka bila kelele. Ludovick alichomoa waya ukutani. Ikazunguka. Mkono wenye sindano ya kuchonga ukainuka wenyewe. Ukasogea. Ukashuka. Unyuzi mweusi ukaanza kutoka, ukishuka mezani, ukishuka sakafuni. Uliielekea ndala ya Edina.

"Sanduku langu," Edina alinong'ona. "Kile cha pili." Akatoka mbio, kichwa wazi, sufuria ikapinduka.

Nyumbani kwao hapakuwa mbali. Kutoka mlangoni ungeona paa. Ludovick angeweza kumfuata. Hakumfuata. Alibaki, akaing'oa sahani, akaivunja gotini, akavikanyaga vipande, akilitukana jina lile hadi sauti ikakauka. Shaaban alichungulia.

"Fundi, kuna nini? Mbona shemeji amepita anacheka?"

"Anacheka?"

"Anacheka, na anaongea. Nilidhani uko naye."

Ndipo alipokimbia.

Mlango ulikuwa wazi. Sanduku lilikuwa wazi. Nguo zote zilikuwa zimepangwa vizuri, isipokuwa ile ya chini kabisa, ambayo haikuwepo. Ndala za Edina zilikuwa kizingitini, zikitazama nje. Hakuna jirani aliyemwona akitoka. Walitafuta mjini, walitafuta Msalato, walifika hadi Haneti. Kaburi la Paskali lilikuwa zima, halijaguswa, majani yake makavu yamesimama.

Mbwana aliichukua mashine yake. Kabla mvua hazijaanza alirudi kibandani, furaha imemjaa, kabeba santuri ya harusi ya kwanza.

"Fundi, kwa hili nakuvulia kofia. Umempita Paskali. Sikiliza mwenyewe."

Ndiyo maneno aliyoyataka Ludovick maisha yake yote. Mbwana aliiweka santuri kwenye gramafoni. Kwaya iliimba, maharusi wakaapa, watu wakapiga vigelegele. Kisha ukimya wa mwisho, safi kabisa. Mbwana alikuwa anainama kuinua sindano.

"Ngoja," alisema Ludovick.

Mwanamume aliita. Mwanamke akaitika, karibu sana, kwa sauti ya tabasamu.

"Abee."

"Hao ni wageni wa harusi," Mbwana alisema, bila uhakika.

Ludovick alichukua bisibisi, akaenda hadi ofisini kwa Mbwana bila kuaga. Aliilaza mashine ubavu. Alitaka kulegeza kila skrubu, ikorome, ingurume, ivume hadi isisikike sauti nyingine. Akaiinua mota.

Vikalio vyake vya mpira havikuwepo.

Palikuwa na kanga nyekundu yenye maua meusi ya korosho, imekunjwa nene, mara mbili ya ile ya kwanza. Aliikunjua, ikajaa sakafu. Ilikuwa doti nzima. Ncha zake zote mbili zilikuwa na pindo la uzi wa kijani. Alipapasa katikati, pale Edina alipoigawa kwa mkasi. Hapakuwa na pindo, wala mshono. Nyuzi zilipita moja kwa moja kutoka kipande hadi kipande, kama doti inavyotoka dukani.

Ilikuwa na unyevu wa udongo, na ilikuwa bado na joto la mtu.